Barabara ya Njia Mbili Hadi Kinyozini Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Kutwa nzima nimenyoa kichwa kimoja. Cha shemeji, naye ana kipara. Mke wangu kasema nisipopata vichwa kumi kufikia Jumamosi, chumba hiki anaweka cherehani zake. Hana utani. Ameshapima dirisha.

Wateja wote wako kwa Wembe, kinyozi wa barabara kuu. Lakini ramani ya kwenye simu, kumbe yeyote anaweza kuirekebisha! Barabara ya Wembe nimeifunga: inajengwa. Uchochoro wetu nimeugeuza barabara. Njia mbili. Uchoyo wa nini?

Jumanne, 4 Machi
Ramani inataka watu watatu wathibitishe. Nimethibitisha kwa simu ya mke wangu, akioga. Kwa simu ya mama mkwe, nikisingizia kukagua betri. Ya tatu nimeazima kwa Wembe mwenyewe, nilipokwenda kunyolewa. Kanipa bila hiana. Kaninyoa vizuri pia. Imeniudhi sana.

Jumatano, 5 Machi
Imekubaliwa! Magari saba uchochoroni. Hakuna aliyetaka kunyolewa. Wote wameuliza barabara iko wapi. Mwalimu wa udereva katamka maneno ambayo hayamo kwenye somo.

Alhamisi, 6 Machi
Lori la saruji limekwama kati ya ukuta wangu na wa jirani. Dereva kasema simu ilimwambia asonge mbele. Limeziba mlango, nami nimo ndani. Mke wangu kanipitishia chakula dirishani. Kisha kalipima dirisha tena. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Lori limetoka. Na ukuta wangu wa mbele pia. Wembe kaja kunipa pole. Kasema tangu magari yaache kupita kwake hakuna vumbi wala honi, ametoa viti hadi katikati ya barabara. Madereva waliokuwa wakisubiri lori litoke kawanyoa wote. Kumi na wanane! Nimelia kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Cherehani zimeingia kwa kupitia pale palipokuwa na ukuta. Mama mkwe kasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata sita.

Kiti changu kiko uani, ambako hapiti hata paka. Nimekaa nikatafakari makosa yangu, kwa moyo mweupe. Nimeyaona. Magari hupita tu, hayakai. Basi kwenye ramani, hapa uani, nimechora kituo kikuu cha mabasi, chenye vyoo na mahali pa kusubiri. Abiria wakisubiri, nywele huota.