Dawa ya Kusafisha Ziwa

Mudathiru aliposikia kwamba watu wa mazingira wanakuja kesho kupima maji ya Ziwa Kivu, mate yalimdondoka. Ziwa lenyewe hakulijali hata kidogo. Aliijali hoteli ya Maman Honorine, iliyokaa ukingoni ikimwaga choo chake majini kwa bomba lililofichwa nyuma ya migomba. Wapimaji wangeifunga, na mtu wa kufungiwa kesho hutoa pesa leo.

Alikuwa kinyozi wa mjini Kamembe aliyechoka kushika wembe. Akavaa koti lake jeupe la kazi, akatia mfukoni shabu iliyosagwa, lile jiwe tunalopakwa mashavuni tukishanyolewa, akashuka ziwani akiwa mtaalamu. Wataalamu wengi wa mjini huzaliwa hivyo hivyo.

"Maman, kuchimba shimo la choo kunakula pesa," alisema kwa huruma. "Mimi niko na dawa. Unamwaga hapa mbele ya bomba, maji inakuwa propre, safi kabisa."

Honorine, bahili wa kuchemsha majani yale yale ya chai siku nzima, akavutiwa.

Mudathiru akachota maji ya kijani palepale penye bomba, akatia shabu, akakoroga, akawa anahubiri juu ya batoto wetu na samaki wetu mpaka uchafu ukazama. Ya juu akayamimina kwenye glasi, yanang'aa. Shabu huzamisha tope tu. Vijidudu vinabaki, na mhubiri alilijua hilo vizuri.

Honorine akaweka bahasha ya pesa mezani. Mudathiru akamnyooshea glasi kwa mikono miwili.

"Onja kwanza, Papa."

"Mimi sina kiu, Maman."

"Nani ameuliza kiu? Kwetu muntu akikupa kinywaji, anaonja yeye wa kwanza. Ao umeniletea sumu?"

Wapishi walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza. Huku kwetu, anayekataa kuonja amejitangaza mchawi. Mudathiru akaitazama bahasha, akalitazama bomba, akafumba macho, akanywa.

"Yote," akasema Honorine. "Dawa hainywewi nusu."

Akamaliza. Tumbo halikungoja vijidudu, hofu ilitosha. Mtaalamu akatimka kuelekea chooni kashika mkanda, bahasha akaiacha mezani.

"Dawa inayomukimbiza mwenyewe, mimi nitaifanyia nini?" Honorine akawauliza wapishi, akiirudisha bahasha kifuani.

Msicheke na Honorine bado. Choo kilikuwa kimoja tu, na bomba lake mnalijua. Alichokunywa Mudathiru kikarudi ziwani, asubuhi wapimaji wakachota hapo hapo, hoteli ikafungwa, na bahasha nzima ikaishia kwa wachimba shimo.