Jinsi Nilivyoikwepa Hotuba ya Citlali

Jumatano, 10 Julai

Sijamwambia mtu hili, hata padri: nikiitwa darasani kusoma kwa sauti, pua yangu haitoki damu kweli. Ni maji ya bitiruti. Mara nne sasa. Mwalimu wa Kiingereza ananionea huruma. Mwalimu wa Kihispania ameandika barua nyumbani, nipelekwe kupimwa. Nina miaka kumi na minne, nasoma shule ya lugha mbili, na siwezi kusimama mbele za watu katika hata moja.

Kwa hiyo habari za leo ni msiba. Jumamosi binamu yangu Citlali anatimiza miaka kumi na mitano huko Scottsbluff, umri ambao kwetu binti hufanyiwa sherehe kama bibi harusi. Misa, gauni pana kama hema, ukumbi, watu mia mbili. Mtu mmoja kutoka kwetu Grand Island lazima ashike kipaza sauti ampongeze. Bibi Eulalia amesema ni mimi au binamu Evaristo, mtoto wa Mjomba Fidencio, na barabara ndiyo itakayoamua.

Yaani mchezo wa namba. Magari ya Nebraska, karibu yote, yana namba ya kaunti mwanzoni mwa kibao cha usajili. Ukiiona namba mpya kabla ya mwenzako na ukaitaja, ni yako. Bibi ndiye hakimu. Atakayeshindwa atahutubia.

Evaristo amepanga mwisho wa mchezo: Ijumaa, saa sita kamili mchana, popote tutakapokuwa. Kisha akanipigia saluti. "Anza kuandika hotuba, Nere. Na mimi unitaje, eh? Useme nilikulea."

Ana miaka kumi na sita. Hajamlea hata kuku.

Alhamisi, 11 Julai. Thedford, motelini

Mpango wa kwanza: kiti cha mbele. Nikalalamika kichefuchefu, Bibi akanipisha. Nina darubini ya marehemu babu! Kila gari linalokuja usoni ni langu! Kabla ya Broken Bow nilikuwa nimeona namba sita peke yangu.

Tatizo ni kuzitaja. Nilifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Namba 88, gari zima la kaunti ya Loup lilipita mbele yangu likiwa limejaa marobota ya nyasi, nami nikainong'oneza kioo. Evaristo akaibweka kutoka nyuma kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Nikakata rufaa. Bibi akasema namba isiyosikika haijaonekana.

Kisha pigo la pili. Bibi alikuwa amekiamini kichefuchefu. Chai ya mnanaa. Tumbo kusuguliwa mafuta. Nikalazwa kiti cha nyuma kabisa, kati ya makasha mawili ya tamale za sherehe, zile za unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda. Kutoka pale niliona mbingu, vilima vya mchanga vilivyovaa nyasi, vinu vya upepo, na treni ya makaa ya mawe isiyokwisha. Treni haina namba ya kaunti.

Evaristo naye amegundua ujanja. Anaangalia kidole cha baba yake. Mjomba Fidencio huinua kidole kimoja kwenye usukani kumsalimia kila dereva tunayepishana naye, hata asiyemjua. Kidole kikiinuka, Evaristo anajua gari linakuja na ameshakaza macho. Baba mzazi, mshirika wa adui!

Simu zetu Bibi amezifungia kwenye mkoba wake ili tusidanganye. Mimi ningedanganya. Kwa hiyo nimeumia.

Evaristo 29. Mimi 17.

Ijumaa, 12 Julai. Scottsbluff!!!

Niandike kwa utaratibu. 

Tuliondoka Thedford saa nne. Mpango wa pili ulikuwa kahawa. Kila Bibi alipomaliza kikombe, nilimjazia kingine. Akanisifu kwamba nimepata adabu. Nia yangu: kibofu kikijaa tusimame mjini, mahali penye magari mengi.

Bibi ana kibofu cha ngamia. Mullen tumepita. Hyannis tumepita. Mimi ndiye niliyekaribia kuomba tusimame.

Karibu na Hyannis, Evaristo akapiga kelele: "Hamsini na tisa! Kile kigari chekundu kimeshapita, mmechelewa!"

Hamsini na tisa! Nilikaa wima mpaka kichwa kikagonga paa. Hamsini na tisa ni Sarpy, na magari madogo ya Sarpy yaliacha namba ya kaunti zamani, pamoja na ya Omaha na Lincoln. Sisi wawili hatukuwa tumezaliwa! Mtoto yeyote wa jimbo hili anajua. Nikasema. Kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Mjomba akacheka mpaka gari likayumba. Akamwambia mwanawe, ukiamua kusema uongo, angalau saidiwa na hesabu. Bibi akamkata namba tatu.

Evaristo 33. Mimi 27. Barabara nyeupe, tupu. Ng'ombe tu.

Tukaingia Alliance. Saa ya gari ikasema saa sita kamili. Evaristo akaruka, akambusu Bibi, akanibusu mimi (chukizo), akajitangaza bingwa wa vilima na nyanda zote. Kisha akafunika uso kwa kofia akalala. Mshindi anapumzika, akasema. Nisimsumbue, nina hotuba ya kuandika.

Wakati huohuo kibofu cha Bibi kikasalimu amri. Mjomba akakata kona, akaingia kwenye mnada wa ng'ombe, kwa sababu vyoo vyake ni safi na yeye anapenda kutazama madume.

Ijumaa. Siku ya mnada. Uwanja wote pikapu!

Nilizitazama kama mtu mwenye njaa aliyefungwa mdomo. Ndipo nikaona saa ukutani, juu ya mlango. Saa tano na dakika nne.

Mungu wangu. Tangu tuingie kaunti ya Hooker tulikuwa kwenye saa za milimani. Saa moja nyuma ya kwetu! Kila mtu wa huku anajua hilo, na kila mtu wa Grand Island hulisahau mpaka akute duka limefungwa.

Nikamkimbilia Bibi mpaka mlango wa choo. Nikamweleza kupitia ubao.  Halafu sauti yake ikatoka, kama ya jaji: saa ni ya ardhi unayoikanyaga, si ya mkono ulioivaa. Mchezo uendelee. Na nimpe karatasi, humu zimekwisha.

Akaja kusimama kivulini, mikono kiunoni, kusikiliza. Kusikiliza! Nilijaribu kunong'ona. Akatikisa kichwa. Nikamtazama Evaristo akikoroma ndani ya gari. Nikafikiria kipaza sauti. Watu mia mbili.

"Themanini na tano!" Kaunti ya Banner. Njiwa wakaruka kutoka paani.

"Sitini na moja! Themanini!" Wanaume wenye kofia kubwa wakageuka. Mmoja mzee, masharubu kama brashi ya viatu, akauliza, "Binti, umepotelewa na nini?" Nikamwambia natafuta kaunti. Hakucheka. Akasema amekuja na dada yake kutoka Arthur, pikapu iko nyuma ya mazizi, nimfuate. "Tisini na moja!" Dada yake akasema hajawahi kuona mtu akiifurahia Arthur kiasi hicho, na kama nataka kuhamia, shule yao inatafuta watoto. Mwingine akaita, "Njoo huku, mama, mimi ni sabini na sita, nitaje na mimi!" Mwisho walikuwa wananiita kutoka kila kona, na mimi nazunguka kati ya matope na samadi nikipayuka.

Evaristo aliamshwa na kelele saa sita kasorobo. Akatoka soksi tupu. Akakanyaga kitu. Sikitaji.

Evaristo 34. Mimi 38!

Tamale niliyokula baada ya hapo sijapata kuonja mfano wake.

Jumamosi, 13 Julai

Ushindi juu ya ushindi!

Evaristo hakula chochote tangu asubuhi. Wakati Citlali anacheza densi yake na baba yake, nilimkuta Evaristo nyuma ya ukumbi akiongea na ukuta. Alikuwa mweupe kama sahani. Nilimhurumia kwa muda wote wa densi. Densi ilikuwa fupi.

Akapanda jukwaani. Akaanza kwa Kiingereza, maana Kihispania chake kinaishia kwenye chakula. Meza ya wazee ikagonga vikombe. "Hatusikii kitu, kijana! Sema lugha ya mama yako!"  Bibi akaninyooshea kidole: niende nikatafsiri.

Kwa hiyo nilikwenda. Hii haihesabiki. Aliyekuwa anahutubia ni Evaristo, mimi nilikuwa bomba tu.

Alisema Citlali ni binamu mzuri. Nikatafsiri: Citlali ni nyota ya nyanda hizi. Makofi. Alisema anamtakia mema. Nikatafsiri: na kwa heshima yake, mimi Evaristo nitacheza na kila shangazi aliyemo humu, mmoja mmoja, kwa umri.

Ukumbi ulilipuka! Mashangazi tisa wakapanga foleni. Wa kwanza ana miaka themanini na moja na hachoki. Evaristo alinitazama akiwa begani kwake kama kondoo kwenye lori. Citlali alicheka mpaka taji likaanguka, akaniambia hakuna zawadi iliyoipita hiyo. Mjomba Fidencio alinipa kipande cha keki chenye ua.

Sikutoa hotuba. Nimeshinda!

Jumapili, 14 Julai. Chumba cha juu, nyumbani kwa Shangazi Socorro

Asubuhi Shangazi Socorro, mama yake Citlali, alinishika mashavu. Binti yake mkubwa anaolewa Oktoba. Anataka mimi niwe mshereheshaji. Usiku mzima. Lugha zote mbili. Wageni mia nne.

Sielewi ilivyotokea. Nilishinda!

Lakini sikosi mpango. Nitatangaza nadhiri. Nimemwahidi Bikira kunyamaza hadharani mpaka Krismasi, kumshukuru kwa safari njema. Nadhiri haivunjwi, hata Bibi hataigusa. Nitaitangaza leo baada ya chakula cha mchana, ukoo wote ukiwa uani, ili pasiwe na wa kusema hakusikia. Nimeshaandika kurasa tatu. Kihispania kwanza, halafu Kiingereza, na utani mdogo katikati ili wasichoke. Mahali pa kupumzika ili wapige makofi nimepawekea nyota. Nitahitaji kusimama juu ya kiti. Nitamwomba mtu wa vyombo vya muziki asiondoke na kile kipaza sau

Nyayo ngazini. Nzito, zinachechemea. Ni miguu iliyocheza na mashangazi tisa. Daftari chini ya mto, kurasa za nadhiri ndani ya soksi, mimi nimela