Jiwe Lililoziba Ziwa

Jumatatu, 4 Machi
Léoncie bado yuko kwa baba yake. Wiki ya pili. Harudi mpaka nijenge kwenye kiwanja alichotupatia muzee, baba mkwe wangu, na kiwanja chote ni jiwe la volkano. Jirani Gauthier amelipasua la kwake, anajengea ukuta. Mimi mgongo hauniruhusu. Lakini akili ninayo! Nimesoma kwamba zamani za kale maji ya ziwa Kivu yalitiririka kaskazini, upande wa Vitshumbi. Volkano zikatapika, zikaziba njia. Jiwe la namna hiyo utalipasua? Nitafungua makumbusho.

Jumatano, 6 Machi
Bango limesimama: JIWE LILILOZIBA ZIWA. MIAKA ELFU KUMI. Gauthier akauliza nani amelipima. Nikamjibu kwetu Butembo mawe tunayajua. Akacheka mpaka akakaa chini. Wivu mtupu! Nimemwalika baba mkwe Jumamosi, mgeni wa heshima. Akipendezwa, Léoncie atarudi. Lazima arudi. Chumba kimekuwa kimya, naogopa kuingia.

Ijumaa, 8 Machi
Jiwe halivutii. Nimeazima nyundo ya Gauthier (aibu!), nichonge upande mmoja tu. Chuma kikatokeza! Nikakipaka mawese kikang'aa. Nikaongeza kwenye bango: NA CHOMBO CHA WATU WA KALE.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwisha. Muzee Habarurema alikuja na suti, Léoncie nyuma yake. Akasoma bango polepole. Akainama, akakishika kile chuma.
“Kamate, hii ni mashini ya kushona ya mama yake Léoncie.”
Kanyagio la cherehani. Kumbe jiwe ni la volkano ya mwaka 2002, na nyumba yao ya zamani iko chini yake. Hakuna aliyeniambia! (Gauthier anasema aliniambia mara tatu.) Léoncie akapiga magoti, akayafuta mawese kwa kitenge chake, analia. Marehemu mama yake alimlea kwa cherehani hiyo. Wakaling'oa kanyagio, wakaondoka nalo. Léoncie akasema hata nikijenga ghorofa, nisimwite.

Jumapili, 10 Machi
Sikula. Nimelia kama mtoto. Mke nimempoteza kwa mikono yangu mwenyewe.
Baada ya misa nikatulia, nikafikiri. Kosa lilikuwa kina tu. La 2002 liko juu, la kale liko chini yake! Kesho naanza kuchimba. Nimemwandikia Léoncie aniazime lile kanyagio, siku chache tu, niliweke mlangoni.