Daftari la Mipango ya Majirani

Jumatatu, 10 Juni 1996
Wallahi, safari hii nimepata! Mama mmoja wa Kijerumani, Bibi Helga, anakuja hapa Mbale wiki ijayo kukagua kahawa. Anatafuta mtu wa kumtembeza. Baba yake Ramula, mpenzi wangu, ameshasema: nisipopata kazi kabla ya tarehe ishirini, habari ya posa nisahau. Kirunda, jirani yangu wa chumba cha tatu, naye anaitaka kazi hiyo. Maskini! Mimi nimenunua kaseti ya Kijerumani kule Jinja. Somo la kwanza: kuwauliza rafiki zako mipango yao.

Jumanne, 11 Juni
Nimeanza na Nambozo wa chumba cha pili. Was hast du am Sonntag vor? Akanitolea macho. Nikamfasiria: Jumapili una mpango gani? Akasema kanisani. Wann kommst du zurück? Utarudi saa ngapi? Akasema saa nane, kwani vipi? Kaseti inasema majibu yaandikwe. Nimeyaandika.

Alhamisi, 13 Juni
Nimewamaliza wapangaji wote. Nani anatoka, saa ngapi, nani anabaki. Daftari safi! Kirunda tu amekataa kujibu. Wivu. Na Brendah wa chumba cha nne siku hizi anafunga kufuli hata akienda chooni. Sijui ana nini.

Jumapili, 16 Juni
Balaa! Nambozo karudi kutoka kanisani, redio yake haipo. Yowe! Watu wote wakanitazama mimi. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Afande Odongo, askari jela mstaafu, akaingia chumbani kwangu akatoka na daftari. Akalisoma kwa sauti ya gwaride: Nambozo, anatoka saa mbili, anarudi saa nane. Brendah, yuko peke yake kuanzia saa kumi. Nikasema afande, hicho ni Kijerumani. Akasema amekaa na wezi miaka thelathini, hajasikia wizi ukiitwa hivyo.

Nikakalishwa chini uani kama mwizi, nimevuliwa viatu, nimevishika mkononi. Ramula akapita na baba yake! Nilitamani ardhi inimeze. Jioni kaka yake Nambozo akaja na redio. Kumbe aliipeleka kwa fundi. Hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi.

Jumatatu, 17 Juni
Bibi Helga amefika. Kumbe kaishi Tanzania miaka kumi na miwili! Anataka mtu wa Kiswahili tu. Kiswahili! Mimi Mnubi, nimekua nacho. Kirunda hata kulala anasema kurara. Bibi Helga akaniuliza, taratibu kabisa, bwana Bakhit, leo una shughuli gani? Ningejibu tu. Lakini kaseti ya wiki nzima niipeleke wapi? Nikamuuliza kwa Kijerumani kama yuko nyumbani peke yake, na kama anatoka, atarudi saa ngapi. Akaukumbatia mkoba wake. Kirunda akasema yeye anajua njia zote na anarara mapema. Kazi kapewa yeye.

Jumatano, 19 Juni
Nimewaza sana. Kosa ni la Kirunda. Ramula amelia mbele ya baba yake, nimeongezewa siku hadi mwisho wa mwezi. Siku kumi na moja, zinatosha! Nasikia kuna Mjerumani mwingine njiani. Nimegeuza kaseti. Somo la pili: vitu vya nyumbani. Chumbani una nini? Unakiweka wapi? Nani ana ufunguo?

Daftari jipya nimeshanunua. Kesho asubuhi naanza na Nambozo.