Siku ya Kuizima Redio ya Shangazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti ambaye amepata udhuru, Mheshimiwa aliyekuja kwa niaba ya Makamu, waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo vilivyo chini ya vitengo, kamati ya maandalizi, kamati ya chakula (makofi), wazee wetu, mama zetu, mabibi na mabwana, na ninyi mliokaa karibu na mlango mkidhani siwaoni: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, ajitaje mwenyewe kimoyomoyo tusonge mbele.

Mimi, kama mnavyofahamu, ni Mkurugenzi Mwandamizi wa Mawimbi, Mawasiliano na Mambo Yanayofanana na Hayo. Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa tumeunda kikosi kazi cha kuipima (kicheko), kwa sababu leo tunaingia rasmi katika zama za redio ya setilaiti ya kulipia, na papo hapo tunaizima rasmi ile redio ya zamani ya nyuma ya duka la rangi, ambayo ninyi mnaiita Redio ya Shangazi. Swichi ya mtambo wake ndiyo hii hapa mezani, tumeivutia waya kutoka kulekule, na mwisho wa hotuba nitaibonyeza kwa kidole changu mwenyewe. (Minong'ono. Sauti moja: "Tumekwisha.") Hamjakwisha, ndugu yangu. Ndiyo kwanza mnaanza.

Shangazi mwenyewe nimemwona mstari wa mbele na vyombo vyake, maana hotuba hii anairusha yeye, hewani, mpaka dakika ile nitakapomzima. Shangazi, tunakushukuru kwa utumishi wako. (Makofi marefu sana. Watu wanasimama.) Kaeni, kaeni. Nimesema tunamshukuru, sikusema tusimame.

Sasa niwaeleze, kwa lugha nyepesi ya kitaalamu, redio hii mpya inamfikiaje msikilizaji. Mtangazaji anakaa studio, anasema "habari za asubuhi". Sauti ile inachukuliwa, inafungashwa kidijitali, inarushwa na dishi kubwa mpaka kwenye setilaiti ambayo iko juu, juu kabisa, si juu hii ya paa. Setilaiti inaipokea, inaitafakari, kisha inaimwaga chini juu yetu sote bila upendeleo wala undugu. Hapo mwananchi mwenye king'amuzi chake na kiantena chake, ambaye amelipia kifurushi cha mwezi, anafunguliwa, na yeye anasikia "habari za asubuhi". Ambaye hajalipia, sauti inamnyeshea vilevile ila haimwingii. (Kicheko.) Na palipo na ghorofa au mti unaoziba anga, tutasimamisha minara midogo ya kuyarusha tena mawimbi, hatua kwa hatua, kulingana na mpango mkakati, visheni, misheni na upatikanaji wa vibali.

Naona fundi viatu amenyoosha mkono. Haya, fundi. ("Mheshimiwa, kibanda changu kimepakana na chumba cha Shangazi. Akikohoa namsikia. Sasa sauti yake iende huko juu kutafuta nini, halafu ikirudi mimi niilipie?" Kicheko kirefu.) Swali zuri sana, nimelipokea, na litafanyiwa kazi. Kwa kifupi tu, fundi: ile unayoisikia ukutani ni sauti. Ikienda juu ikarudi, inakuwa huduma.

Takwimu zipo. Utafiti wa fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, uliofanywa na ofisi yangu, ukasimamiwa na ofisi yangu na kupongezwa na ofisi yangu, unaonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi na nne ya wananchi wanaitaka redio hii. ("Hao kumi na nne wa juu wametoka wapi?") Hao ni wageni wetu wanaotarajiwa. Mimi binafsi, bila kujisifu, maana kujisifu nimewaachia waliokuja kunisindikiza, nimehudhuria semina nne za kapasiti bildingi, yaani kujengewa uwezo, tatu zikiwa na cheti na moja ikiwa na mkoba. (Anauinua mkoba. Kamati ya chakula inapiga makofi.)

Na hebu tuiangalie hiyo redio mnayoililia. Jana asubuhi, kwa ajili ya utafiti tu, nilimsikia Shangazi akitangaza kwamba bomba la mtaa wa juu linatoa maji, kina mama wawahi. Kwamba muuza mkaa ameokota funguo. Kwamba kuna babu aliyevaa koti la kijani katoka nyumbani na njia haikumbuki, atakayemwona amshike mkono. ("Alipatikana," anasema mwanamke mmoja kwa nyuma. "Ni baba yangu. Alirudishwa hata chai haijapoa.") Pole na hongera, dada. Nafurahi, kweli nafurahi. Lakini tujiulize, setilaiti nzima ihangaike na babu mmoja? Setilaiti ina chaneli mia moja na ishirini. Ina chaneli ya hali ya hewa ya miji ambayo hamtaifikia. Ina chaneli ya filimbi tupu, usiku na mchana. (Mtu anapiga miayo.)

Kwa hiyo ndugu zangu, itikieni kwa nguvu. Setilaiti juu. (Kamati ya chakula: "Juu.") Vifurushi juu. ("Juu.") Maendeleo, juu zaidi. Na kwa mamlaka niliyokabidhiwa, na sasa rasmi...

(Anabonyeza swichi. Shangazi anavua vipokea sauti masikioni, anaviweka mapajani, anainamisha kichwa. Hakuna anayepiga makofi. Simu ya Mkurugenzi inaita.)

Samahanini. Ni mama yangu mzazi, huyu siwezi kumwambia niko kikaoni. (Anapokea. Kipaza sauti kiko wazi, ukumbi wote unasikia.) Shikamoo, mama. Hapana, sijaanguka, mimi mzima. Umekatikiwa? Kwani ulikuwa unanisikiliza kwa redio ipi? Ya Shangazi. Kila siku? Najua, mama, tangu uvunjike nyonga hutoki kitandani. Najua sauti ya kwanza unayoisikia asubuhi ni yake, mimi huwa nachelewa kupiga. Hiyo mpya inauzwa wapi? Usimtume dada mjini na jua hili. Ameshavaa viatu? Basi mwambie avue. Siyo kwamba imeisha dukani, mama. Haikuletwa. Haikuagizwa. Setilaiti ni ile picha ya kwenye kalenda niliyokuonyesha. Hata dishi hatuna. Ndiyo, na hii ya watu nimeizima. Usilie, mama. Nawasha. Nawasha sasa hivi.

(Anabonyeza tena. Ukumbi mzima uko wima, fundi viatu anapiga mluzi, yule mwanamke wa babu wa koti la kijani anamkumbatia Shangazi mpaka vyombo vinataka kuanguka.)

Shangazi, vaa hivyo vyombo vyako. Tuko hewani? Ahsante sana. Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia. Mama anasema nilikatika pale niliposema "na sasa rasmi", na anataka kujua, rasmi nini. Mama, na wote mnaotusikiliza huko majumbani: na sasa rasmi, hakuna kitu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.