Ruhusa ya Kumuuguza Seth

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kesho Seth anahasiwa. Nimekubali. Ningefanyaje? Bi Kuluthumu, mpangaji mwenzangu wa mlango wa pili, mama mwenyeji wa Kolo ambaye akishasema kasema, ana simbilisi watatu wa kike na hataki wa nne. Seth ni simbilisi dume, kamnyama ka manyoya kasiko na mkia. Amechimba chini ya uzio mara tatu, na mara zote tatu nimemkuta kule kwenye banda la Bi Kuluthumu, ametulia kana kwamba yeye ndiye anayelipa kodi. Bi Kuluthumu kasema akimkuta tena tutaonana kwa mwenye nyumba. Nyumba nyingine hapa Kikuyu, mjini Dodoma, yenye ua wa kufugia sitapata.

Kazini nimeomba ruhusa ya dharura. Fomu nimeijaza kwa ukweli mtupu. Jina la mgonjwa: Seth. Uhusiano: mtegemezi. Tatizo: upasuaji. Mama Devota, mkuu wetu wa masjala, aliisoma akasikitika. Akauliza ni mtoto au mkubwa. Nikasema kwa umri wake ni mtu mzima. Kanipa siku nne. Hakuna nilipodanganya!

Luka, anayekaa meza ya mkabala na anayeitamani meza yangu ya dirishani tangu ofisi yetu ihamie Mtumba, kasema hakujua kama nina Seth. Nikamjibu kwamba asiyoyajua ni mengi.

Jumanne, 15 Julai

Imekwisha. Daktari Asma wa mifugo kanionyesha alivyovitoa, kwenye kisahani. Ikabidi nipewe kiti.

Maagizo ni mengi. Alale juu ya kitambaa safi, si maranda ya mbao. Awekewe chupa ya maji ya moto, maana Julai hii baridi haina utani. Nimlishe kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, kila baada ya saa tatu: chakula cha sungura kilicholowekwa na kupondwa. Tumbo la simbilisi likisimama, simbilisi naye anasimama. Kwa hiyo nihesabu kinyesi, punje kwa punje. Na asikaribie majike kwa wiki sita, kwa sababu bado ana akiba mwilini. Niliitikia yote.

Kitambaa safi nilichonacho ni taulo moja tu, zawadi ya kipaimara changu. Seth ni Seth, lakini taulo ni taulo. Nimemwekea maranda laini ya fundi seremala. Hatajua tofauti.

Jumatano, 16 Julai

Hali mbaya. Hali kitu! Punje: sifuri. Kajikunyata pembeni mwa boksi, manyoya yamesimama, anasaga meno. Nimemwekea karanga. Hakuzitazama. Uji wa sungura aliutema kwenye shati langu.

Nikapata wazo. Sisi Wagogo tuna chakula kisichohitaji kutafunwa wala kusukumwa. Nikavuta mlenda, mboga yetu ya utelezi, kwenye bomba. Uliteremka vizuri sana, ila uliteremkia kwenye mkono wa shati hadi kwapani.

Daktari Asma alikuja saa kumi na kusema mlenda ni chakula changu mimi, si cha mgonjwa. Akamchoma sindano ya maumivu, akampa na dawa ya kuamsha tumbo. Kasema kama hadi kesho mchana hakuna punje, basi. Hakumaliza sentensi. Alifunga mkoba.

Nilikwenda jikoni nikalia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma hapa. Miaka miwili nikirudi kutoka kazini, akisikia funguo tu anapiga mluzi. Leo nilizitikisa makusudi. Kimya.

Jioni ukaja ujumbe. Ofisi inakuja kesho saa nne kumjulia hali mgonjwa! Nikajibu daktari amekataza wageni. Mama Devota akajibu hawatamgusa, wataombea mlangoni.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika haraka haraka. Kwa furaha! Niandike kwa mpangilio.

Saa nne kasoro nikatundika shuka mlangoni mwa chumba, boksi nyuma yake. Wakaja sita. Machungwa kapu zima, unga wa uji, glukosi pakiti mbili. Bi Kuluthumu akawaletea viti, akakaa naye, akashika tama na kunitazama. Alijua kila kitu.

Luka akauliza mgonjwa amelala upande gani. Nikasema ubavu. Akauliza mbona hatusikii hata kukohoa. Nikasema hakupasuliwa kifua. Mama Devota akamwambia Luka awe na staha, tusimame tuombe.

Mama Devota akiomba huwa haangalii saa. Alianza na madaktari, akaja kwenye kidonda, akafika kwenye matumbo. Mimi wakati huo nimechungulia nyuma ya shuka, maana zamu ya dawa ilikuwa imefika. Nikaona. Moja. Mbili. Tatu! Nyeusi, nzuri, juu ya maranda. Sikuweza kujizuia.

"Amepata choo!"

Wote sita, macho wameyafumba, wakaitikia kwa sauti moja: "Amina!"

Mama Devota akafuta machozi kwa kanga. Akawaeleza wenzake kwamba hata marehemu mama yake, baada ya upasuaji, madaktari walisubiri hicho hicho. Bi Kuluthumu akatoka nje haraka, kajifunika ushungi usoni. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Sijali. Hadi sasa ni kumi na moja.

Ijumaa, 18 Julai

Furaha haikumaliza siku. Asubuhi nimekuta kidonda kimevimba, chekundu, cha moto. Nikakimbia na boksi hadi kliniki. Daktari Asma akakamua usaha, na ndani ya usaha akatoa kijiti kidogo kilichojikunja. Akakiinua kwenye mwanga. Akaniuliza ni nini. Nikasema ni huu upepo wa Julai, unabeba kila kitu. Akauliza kama upepo wa Dodoma siku hizi unapiga randa.

Kasema tungechelewa siku mbili ningempoteza. Nioshe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Nilipofika nyumbani nilimtandikia taulo ya kipaimara. Aliikojolea papo hapo. Nikamwambia haina neno, baba.

Jumapili, 20 Julai

Amekula mwenyewe! Robo ya chungwa la ofisi, kisha majani kiganjani mwangu. Uvimbe umenywea. Punje sitini na moja, nimehesabu mara mbili. Jioni nilipogusa funguo alipiga mluzi hadi Bi Kuluthumu akagonga ukuta. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Sasa nalala nikiwa mwepesi, usingizi wa kwanza tangu Jumatatu.

Jumatatu, 21 Julai

Kazini. Mama Devota akataka cheti cha tabibu kiingie kwenye faili. Mpango wangu ulikuwa tayari: kukikunja ionekane tarehe na muhuri tu. Mama Devota ana miaka thelathini masjala. Huwezi kumpa karatasi iliyokunjwa.

Alisoma kwa sauti ya chini. Uzito: gramu mia nane na arobaini. Aina: simbilisi. Luka akaanza kukohoa.

"Gerson," akasema, "mimi nilifunga kula mpaka saa tisa kwa ajili ya huyu."

Nikasema nashukuru sana, mama, na imesaidia. Nilikuwa simtanii. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na choo anaendelea kupata?"

Nikamwambia jana sitini na moja. Akaguna, akagonga muhuri. Siku nne zimekatwa kwenye likizo yangu ya mwaka, na meza ya dirishani kapewa Luka. Nilidhani itaniuma. Nilimtazama Luka akihamisha kalamu zake, nikawa nawaza kwamba nyumbani kuna mtu ataninyooshea shingo nikifungua mlango. Haikuuma.

Jumamosi, 26 Julai

Kidonda kimekauka. Seth anakaa kwenye uzio anawatazama wale watatu. Upweke nao ni ugonjwa. Nimezifikiria zile wiki sita. Nadhani Daktari Asma alisema kwa simbilisi wa kawaida. Kwanza vitu vyenyewe niliviona kwa macho yangu kwenye kisahani! Bi Kuluthumu kaenda Kolo arusini, anarudi kesho kutwa. Nimempitisha Seth mlangoni mwa banda lao, kiungwana, bila kuchimba. Kafurahi sana.

Jumamosi, 30 Agosti

Bi Kuluthumu alibisha hodi alfajiri. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa na kapu. Ndani ya kapu wote watatu, mviringo, kila mmoja kama papai. Daktari Asma kawashika matumbo jana: si unene.

"Gerson mwanangu," akasema, "watazalia kwako." Akaweka kapu, akaondoka. Kwenda kwa mwenye nyumba hakutaja. Nimeshusha pumzi!

Seth anawazunguka akipiga mluzi, mzima wa afya. Nimemwangalia asubuhi yote. Sitasema uongo, nina furaha.

Fomu ya ruhusa nimeijaza tayari. Sababu: kuhudumia wazazi. Idadi: watatu. Uhusiano: wakamwana. Ukweli mtupu, na Mama Devota hawezi kuuliza maswali yale yale mara mbili.

Malazi nayo nimeyashughulikia. Taulo ni moja tu, imeshafuliwa na kunukia. Kwa hiyo nimepita kwa fundi seremala, nikaagiza gunia zima la maranda.