Suruali ya Mfalme wa Wapumbavu

Jumatatu, 15 Septemba
Mwalimu Mayasa, apendaye vitabu vya Ulaya ya karne ya kumi na sita kuliko apendavyo watu, ametugawia nafasi za mchezo wa Siku ya Urithi. Kanivali ya kale. Kwa siku moja mpumbavu anavishwa taji, askofu anachekwa, walalahoi wanawageuza wakubwa kichwa chini. Mfalme wa Wapumbavu ni nani? Aloys! Kinyozi! Mimi, Laurenti, nishone nguo. Aloys alizungusha kiuno mara moja tu, mke wangu Hedwiga akacheka hadi kwikwi. Kwangu hajacheka hivyo tangu tuhamie mtaa huu wa Bertrams. Si wivu. Nimeona tu.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimemnong'oneza Aloys kwamba mwishoni mfalme huvuliwa taji na kuchapwa hadharani. Nilidhani atajitoa. Akauliza kama atachapwa sana, maana hapo ndipo kicheko kilipo. Akanishukuru. Akaniita kaka. Eish!
Jioni Hedwiga aliigiza mwendo wa Aloys kutoka jikoni hadi mlangoni. Mara mbili. Nikausukuma ugali pembeni.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimepata! Suruali ya mfalme, nyuma, nimeipiga mshono wa muda, ule unaoachia ukikohoa. Atainama, atazomewa, Mayasa atanigeukia mimi. Maneno yote ya mfalme nimeshayahifadhi. Hedwiga akauliza mbona naimba. Nikamwambia kazi ni ibada.

Jumatano, 24 Septemba
Watu tele. Shangazi wa kanisani mstari wa mbele. Aloys akainama kumbusu askofu mkono. Praa! Chupi ya njano, ya maua. Nikasogea jukwaani kuchukua nafasi yake.
Shangazi mmoja akaporomoka kwenye kiti kwa kicheko. Uwanja mzima ukamfuata! Aloys akageuka, akawabariki kwa matako. Mayasa akapanda akilia machozi, akasema hiyo ndiyo roho ya kanivali, tumbo na makalio kuupindua ulimwengu wa mataji. Ameifundisha miaka ishirini bila kuiona. Akaomba makofi kwa fundi aliyebuni. Nikapata machache. Ya Aloys yalisikika hadi uwanja wa mpira wa Ellis Park.
Hedwiga hakunipigia makofi. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, akasema, "Nimeolewa na fundi miaka kumi na minne, Laurenti. Mshono wa muda naujua. Kamwombe radhi."

Ijumaa, 26 Septemba
Nimekwenda kwa Aloys. Nimekiri yote. Akanikumbatia na mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi, ikanifyeka kisogo. "Merci, asante kaka," akasema, "umenifungulia njia." Redio ya mtaa imemwita Jumanne ijayo akaeleze ucheshi wa kale. Yeye! Hajui hata Ulaya ilianza lini!
Hedwiga alipoona kisogo changu alicheka akishika ukuta. Kwa ajili yangu, hatimaye! Kisha nikakumbuka aliyeninyoa. Hata kicheko hicho ni cha Aloys.
Hedwiga akanisifu kwa uungwana wangu wa kuomba radhi, akanipikia ndizi na nyama. Nikala kwa moyo mweupe kabisa.
Baada ya kula nikapiga simu redioni. Nikabana pua, nikajitambulisha kuwa daktari wa Aloys. Nikasema sauti imemkauka, hataongea hadi Krismasi. Bahati nzuri yupo bingwa mwingine, aitwaye Laurenti. Wakaomba namba yake.
Nikawaambia ni hii hii ninayopigia.